Laki Tatu na Ishirini

Mwanamume aliingia dukani baada ya alasiri, amevaa fulana safi na viatu ambavyo ukivitazama tu unajua havikununuliwa hapa. Alimsalimia Haji, mwenye duka, akamuuliza hali, kisha akataja jina la marehemu mama yake. Haji akamkodolea macho kidogo. Halafu akamvuta na kumkumbatia juu ya kaunta, mizani na pipa la zeituni vikiwa katikati yao.

Alikuwa kijana wa mtaa, wa hapa hapa Bab al-Hadid, katika mji mkongwe wa Tripoli ya Lebanoni. Miaka mingi yuko Sydney, na wengi wa huku wana ndugu Sydney.

"Nimekuja kulipa deni la mama," alisema.

Haji aliinama, akatoa daftari la jalada jekundu lililobanduka mgongo, akawa anafunua kurasa huku akilowesha kidole kwa ulimi. Akafika. Septemba 2019. Lira 312,000.

Yule bwana akachomoa noti tatu za laki, zile za kijani, na moja ya elfu ishirini. Akazipanga kwenye kaunta, akasema chenji asihangaike nayo. Haji akachukua kalamu, akakata mstari juu ya deni, akafunga daftari. Wakaagana kwa dua nyingi.

Tuliokuwemo dukani tulikuwa kimya. Septemba 2019, lira 312,000 zilikuwa dola 207. Alasiri ile, pale kwenye kaunta, zilikuwa dola tatu na nusu.

Alipotoka tu, kijana anayepeleka mitungi ya gesi akaanza. "Amemdhihaki mzee." Mama mmoja aliyekuwa anasubiri labneh yake, ule mtindi mzito, akamjia juu: "Kalipa kilichoandikwa! Mtu kavuka bahari na deni la mama yake moyoni, wewe unamwita mdhihaki?" Haji alikuwa anapima zeituni zangu. "Mungu amrehemu mama yake," alisema, wala hakuongeza neno.

Kwao jambo likaishia pale.

Kwangu halikuisha.

## Dawa ya deni

Kwetu Tanga tunasema dawa ya deni kulipa. Nimekua na msemo huo na sikuwahi kuuona kasoro. Lakini kulipa kwa nini? Kwa tarakimu iliyoandikwa, au kwa mali iliyochukuliwa? Mama wa yule bwana hakukopa lira. Alikopa mchele, samli, jibini, sabuni ya unga. Lira ilikuwa namna tu ya kuweka kumbukumbu ya mali kauli.

Nikiigeuza hoja, inaniponyoka. Haji aliandika lira. Hakuandika kilo za mchele. Angetaka dola angeandika dola, maana wakati ule ulilipa kwa yoyote kati ya hizo mbili na chenji ukarudishiwa mchanganyiko. Tangu Desemba 1997 dola moja ilikuwa lira 1,507 na nusu, na dukani tulihesabu 1,500 kamili. Vijana wa hapa walizaliwa, wakasoma, wakaoa, dola ikiwa palepale. Nani angekaa kufikiria kwamba kuna siku hizo mbili zitaachana?

Zilivyoachana mnajua, sitarefusha. Oktoba 2019 watu waliingia barabarani nchi nzima, na hapa Tripoli uwanja wa al-Nour ulijaa usiku hadi usiku. Benki zikafunga milango kama wiki mbili, na zilipofungua, akaunti za dola zikawa za kutazamwa tu. Mitaani lira ikaanza kuporomoka: 2,000 kwa dola, 8,000, 15,000. Machi 2023 iligusa 140,000, kisha ikatulia kwenye 89,500. Muda wote huo noti kubwa kabisa ilikuwa laki moja. Ndiyo maana hata duka la mikate liliweka mashine ya kuhesabia noti, na watu wakawa wanabeba mshahara kwenye mifuko ya plastiki myeusi.

Wasomaji wangu wa Bukavu na Lubumbashi watakuwa wanatikisa vichwa. Wao waliiona noti ya zaire milioni tano mwishoni mwa 1992, na mwaka uliofuata wakaambiwa zaire mpya moja ni milioni tatu za zamani. Kasai wakaikataa hiyo mpya katakata. Na wanajua dola yenye mpasuko mdogo pembeni inavyorudishwa dukani. Sisi hapa tulikuwa na kipindi ambacho dola mia ya toleo la zamani, ile inayoitwa nyeupe, ilikatwa thamani au kukataliwa, na ile ya bluu ikapokelewa kwa mikono miwili. Hivyo wao hawahitaji kuelezwa. Ninachotaka kuwauliza ni kimoja: madeni ya dukani mliyamaliza vipi?

## Ndani ya daftari

Nilimwomba Haji anionyeshe daftari. Nilidhani atakataa. Akanipa kigoda na kahawa, akaendelea na wateja wake.

Kurasa za 2019 zimejaa kotekote, kwa kalamu ya risasi. Majina kamili hakuna. Kuna mama wa fulani, baba wa fulani, na mmoja ameandikwa "fundi wa ghorofa ya tatu". Mkate 1,500. Mkate 1,500. Mkate 1,500, kila siku ya Mungu, safu nzima, kiasi kwamba mahali fulani Haji alichoka akaandika "mkate" mara moja na kuchora mstari wa kushuka chini hadi mwisho wa ukurasa. Katikati ya 2020 mkate unakuwa 2,000. Mwandiko unaanza kubana. Kuna bei zilizofutwa na kuandikwa upya juu yake, na karatasi imechakaa kwa ufutio hadi unaona mwanga ukiinyanyua.

Kisha 2021. Ukurasa mmoja. Baada yake kuna mizizi ya kurasa zilizochanwa, halafu nyeupe, nyeupe, nyeupe.

Halafu 2023, na juu kabisa alama ya dola. Hapa Haji anaandika kwa wino. Tarakimu ni ndogo, na zina nukta katikati: 2.50, 1.75. Wateja ni wachache, sikuwakuta hata nusu ya wale wa mwanzo.

Nikamuuliza zile nyeupe.

"Mwaka ule bei niliiandika asubuhi, nikaifuta adhuhuri," alisema. "Ningemkopesha mtu nini? Mwenyewe nilikuwa sijui kitu changu ni kiasi gani."

Ni kweli. Nakumbuka maduka yakishusha mlango mchana kweupe, si kwa sababu ya vurugu, ila kwa sababu mwenye duka ameangalia simu, ameona dola imeruka, naye hajui akikuuzia sukari kwa bei ya asubuhi kesho ataweza kununua nyingine. Tulijifunza kuuliza "leo ni ngapi?" kabla ya salamu.

Hapo ndipo nilipotambua kuwa lile deni la lira 312,000 lilikuwa la mwisho mwisho kabla mkopo wa dukani haujafa mtaani kwetu. Swali likazidi kunikaba.

## Alichosema sheikh

Mume wangu alichoka kunisikiliza. "Nenda kaulize wanaojua," akaniambia, "hapa nyumbani hakuna mufti."

Nikaenda Msikiti Mkuu wa Mansouri, ambao Wamamluki, waliotawala kutoka Misri, walianza kuujenga mwaka 1294, miaka michache baada ya kuuteka mji. Baada ya darsa nikamngoja sheikh mmoja mtu mzima, nikamweleza. Akacheka. Tangu 2020, alisema, hapiti mwezi bila swali hilo, ila wengi huja wakiwa wamekwisha gombana.

Alinieleza kwa utulivu, nami naandika nilivyoelewa. Kauli ya wengi ni kwamba deni la fedha hulipwa kwa idadi ileile: umekopa mia, utarudisha mia, iwe fedha imepanda au imeshuka. Mwaka 1988 Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lilipokutana Kuwait lilishika msimamo huohuo, kwamba madeni yasifungamanishwe na kupanda kwa bei. Hofu yao inaeleweka. Ukikubali mia irudi mia na hamsini kwa sababu ya hali ya soko, umeufungulia mlango mtu wa riba, naye hakosi hoja.

Lakini Abu Yusuf, mwanafunzi wa Abu Hanifa, imamu wa madhehebu ya Hanafi, alitazama sarafu za shaba ambazo thamani yake ilipanda na kushuka, akasema itazamwe thamani ya siku ya mkataba. Na jirani yetu wa Damascus, mwanachuoni Ibn Abidin, aliyefariki mwaka 1836, aliandika risala nzima kuhusu jambo hili, kwa kuwa zama zake amri za sultani zilikuwa zikishusha thamani ya sarafu na watu wakibaki wanashikana mashati sokoni. Alielekea kwenye kauli ya Abu Yusuf. Penye utata zaidi, akashauri sulhu: wakae wawili, wagawane, ili madhara yasimwangukie mmoja peke yake.

"Kwa hiyo yule bwana wa Sydney amelipa au hajalipa?"

"Kwa kauli ya wengi, amelipa. Kwa Abu Yusuf, bado." Akavaa viatu vyake. "Kwa adabu, angemuuliza Haji."

Nilirudi nyumbani nimeridhika. Jibu lilikuwa hilo! Angemuuliza. Neno moja tu, "Haji, hii inatosha?", na heshima ya kila mtu ingesimama. Ningeweza kuandika makala hii siku ileile na kuimaliza hapo.

Ila nikajiuliza Haji angejibu nini.

## Haji naye alidaiwa

Huku humwulizi mzee hesabu za mfuko wake. Alinieleza mwenyewe, jioni moja ambayo jenereta ya mtaa ilikuwa imepumzishwa na duka limebaki na taa ya betri. Nilikuwa nangoja umeme urudi nipande ngazi. Yeye alikuwa anapanga makopo ya dengu.

Mwaka 2018 alichukua mkopo benki, lira milioni 30, karibu dola 20,000 za wakati ule. Ndio uliomletea friji kubwa la vioo, rafu, na mlango wa chuma wa kukunja. Alikuwa akilipa kila mwezi bila kukosa. Katikati ya 2021, dola ikiwa karibu 15,000 mitaani, alikuwa amebakiza milioni 14. Akauza bangili mbili za mkewe, akaenda benki na mfuko wa noti, akafuta deni lote kwa mpigo.

"Deni la zaidi ya dola 9,000," alisema, "nililifuta kwa dola 900 na kitu. Yule binti wa benki akanigongea muhuri na kunitakia siku njema."

Akaweka kopo, akachukua jingine.

"Sasa nimwambie mtoto wa marehemu ana deni langu la dola mia mbili? Kwa uso gani?"

Nilimuuliza kama basi alitoka na faida. Akasema alikuwa na akiba kidogo benki nayo ikazama, na kuna watu wengine kwenye daftari ambao hawatarudi, na kuna msambazaji wa mafuta ya kula ambaye naye alilipwa kwa lira zilizokwisha anguka na hawasalimiani mpaka leo. Ukichanganya yote, hajui kama alipata au alikosa. Hataki kujua.

Umeme ukarudi, friji la vioo likaanza kunguruma.

Nilipanda ngazi nikiwa na watu wengine kabisa kichwani. Nilimkumbuka shemeji yangu. Alikuwa na mkopo wa nyumba, wa dola, huko mtaa wa Abu Samra. Benki zilipozuia amana, dola zilizonaswa ndani ya akaunti zikapata jina lake, lollar, na zikawa zinauzwa: hundi ya benki ya dola elfu kumi unainunua kwa dola taslimu pungufu ya nusu. Shemeji akakusanya taslimu, akanunua hundi, akaipeleka kulipia mkopo wake, na mkopo ukafutika kwa thamani kamili iliyoandikwa. Aliyemuuzia hundi alikuwa mwalimu mstaafu aliyetaka dola za kushika mkononi kwa ajili ya upasuaji.

Jioni ile shemeji alileta sinia la halawet el-jibn, imejaa krimu na maji ya maua ya mchungwa. Tukala. Tulimpongeza.

Hasara haikupotea. Ilipita mkono kwa mkono kama chungu cha moto, kila mtu akimkabidhi wa pembeni yake kabla vidole havijaungua. Basi ule ukimya wa dukani nikauona kwa jicho jingine. Yule mama wa labneh, yule wa gesi, Haji, mimi: kila mmoja amelipa mtu kwa karatasi na amelipwa na mtu kwa karatasi. Ukifungua mstari mmoja wa 2019 itabidi ufungue yote, na mji huu una kesi za kutosha. Kunyamaza kulikuwa ndiyo sulhu yao. Hawakukaa kikao, hawakumleta kadhi, lakini walikwisha sameheana.

Kwa siku kadhaa nilitembea na wazo hilo nikiwa na amani. Hata nikalisimulia.

## Wanaodai tu

Nililisimulia kwa fundi cherehani wetu, mwanamke wa makamo anayekaa ghorofa ya chini. Nilikwenda kupunguza kanzu. Alikuwa amepiga magoti, pini mdomoni, anapima upindo, nami nimesimama namwaga hekima zangu za Haji na chungu cha moto.

Akatoa pini mdomoni moja baada ya moja, akazichomeka kwenye mto wake wa mkononi.

"Haji alikuwa na wa kumlipa kwa karatasi," alisema. "Mimi nilikuwa na nani?"

Aliolewa 2004. Kwenye cheti, mahari ya kutangulia ilikuwa kidogo na ilikwisha liwa na harusi. Mahari ya baadaye, ile ambayo mwanamke huidai akiachwa au akifiwa, ilikuwa lira milioni 15. Dola 10,000, kwa hesabu ya siku hiyo. Mama yake alisifiwa kwa kumpatia binti yake kinga ya maana. Katikati ya 2021 aliachwa. Aliyekuwa mume wake alileta milioni 15 zote, kwenye mfuko, mbele ya mashahidi, akataka risiti. Dola elfu moja.

"Alisema mbele ya watu kwamba amenilipa mpaka lira ya mwisho. Na ni kweli. Niliihesabu mwenyewe, ya mwisho ilikuwepo."

Kwa hiyo kauli ya wengi imempa haki yake yote. Akatoka nayo akanunua hiki cherehani na jiko la mitungi.

Amani yangu ikaishia sakafuni pale pamoja na vipande vya uzi. Nilikuwa nimewapanga watu wa mji huu wote kama wenye maduka, wanaodai huku na kudaiwa kule. Kumbe wako wanaodai tu. Mwanamke aliyeachwa. Mwalimu wa ile hundi, ambaye maisha yake yote aliweka, hakukopa. Mwanajeshi ambaye mshahara wake ulikuwa kama dola 800 ukaja kuwa chini ya 100. Mama wa kizee mwenye amana ya mumewe. Hao chungu kiliwafikia na pembeni yao hakuna mtu. Wengi wao ni wanawake na wazee, na si bahati mbaya: ndio walioambiwa tangu utoto kwamba mtu mwema hakopi, anaweka.

Na upande wa pili kabisa wako waliokopa mamilioni ya dola kujengea minara na kuagizia magari, nao wakalipa kwa hundi na lira vilevile kama Haji na shemeji. Hao hawamo kwenye daftari lolote la jalada jekundu. Lakini ule ukimya ninaousifia dukani unawafaa wao kuliko unavyomfaa Haji. Kila mtu akiona aibu kufungua mstari wake mdogo, ule mkubwa nao haufunguliwi.

Mwaka 2022, mwezi Septemba, Sali Hafiz aliingia benki moja Beirut na bastola ya kuchezea, akadai fedha zake mwenyewe za kumtibia dada yake mgonjwa wa saratani. Alitoka na dola kama 13,000. Nchi nzima ilimshangilia, na wengine wakafuata njia hiyohiyo. Wakati ule niliona ni habari ya ujasiri. Sasa naiona kuwa habari ya mtu aliyekataa kunyamaza kwa sababu hakuwa na la kuonea aibu. Hakuwa amemlipa mtu kwa karatasi.

Namrudia Ibn Abidin. Sulhu yake inataka watu wawili wanaotazamana. Haji na yule bwana wa Sydney wangeweza. Mwenye amana na aliyefaidika na amana yake hawajuani hata kwa sura. Lakini mume na mke? Hao walikuwa chumba kimoja. Aliweza kusema, "Ilikuwa elfu kumi, tugawane hasara, chukua tano." Sheria haikumlazimisha, fiqhi ya wengi haikumlazimisha, na mashahidi waliinamisha macho.

Nilimuuliza fundi kama kuna aliyesema neno siku ile. Akasema mjomba wake alisema, "Alhamdulillah, mmeachana bila ugomvi."

## Lira za dhahabu

Binti yake mkubwa ameposwa. Kijana ni fundi umeme, anafunga sola, mpole, na hapa kufunga sola siku hizi ni kazi ya kweli kuliko nyingi za ofisini. Mama mtu hana kipingamizi ila kimoja: mahari ya baadaye iandikwe kwa lira za dhahabu.

Si jambo jipya. Bibi zetu wa huku walioana kwa sarafu hizo, za Kiingereza na za Kiothmani, na ukipita Souq al-Sagha, soko la masonara, utaziona zimepangwa kwenye vioo. Zilikuwa zimebaki za kuvaliwa shingoni. Mgogoro ukazirudisha kwenye vyeti vya ndoa. Fundi wangu hupenda kukumbusha kwamba Benki Kuu ya Lebanoni inayo dhahabu tani 286 hivi, na sheria ya 1986 inakataza kuiuza. "Serikali yenyewe haikuweka lira," husema.

Watu wa upande wa kiume walikuja Alhamisi. Nilikuwepo, kazi yangu ilikuwa kahawa. Mama alianza na ishirini. Baba mdogo wa kijana akauliza kama wamekuja kuoa au kununua soko la masonara. Wakashuka kumi na tano, wakasimama kumi na mbili. Iandikwe idadi, uzito na karati, mama akasema. Kijana akauliza kwa upole je, na dhahabu ikishuka.

"Ikishuka imenishukia mimi," akajibiwa. Kijana akacheka, akakubali. Nampenda kijana yule.

Kisha baba mdogo akataka yaongezwe maneno matatu baada ya zile sarafu: "au thamani yake". Jambo la kawaida, alisema, kurahisisha malipo.

"Thamani ya siku gani?" mama akauliza.

Ya siku ya mkataba, alisema baba mdogo. Ya siku ya kulipa, akasema mama, tena kwa dola za kushika mkononi. Baba mdogo akasema hakuna ajuaye dola itakuwa nini baada ya miaka ishirini. Mama akasema basi ifutwe, zibaki sarafu tupu. Wakavutana mpaka adhana ya isha, kahawa nikaipika mara ya pili, binti na kijana wakawa wametoka roshani kuangalia simu.

Upande wa mume wameomba wiki moja ya kufikiri. Fundi amesema hata wakiomba mwezi.

Jana nilimpelekea Haji habari hizi nilipokwenda kununua mkate. Aliuliza swali moja tu: karati ngapi?